Masaa 12 kutoka Durban mpaka Pietermaritzburg
Maneno tuliyosema mbele ya wanachama katika mukutano mukuu, Lubumbashi



Komite ilitulomba tuzungumze juu ya ile mbio. Kila mara tunapoitaja, mutu anacheka kwanza, kisha anauliza ni kilometa ngapi, kisha hacheki tena. Basi tuanzie hapo. Mutu wa Lubumbashi akitaka kujua urefu wa Comrades Marathon, afikiri tu barabara ya Kasumbalesa. Utoke hapa mujini kwa miguu, gizani, na jua kabla halijazama uwe umefika mupakani. Ni karibu vile. Mwaka 2019, mwaka tuliokimbia siye, ilikuwa karibu kilometa 87, kutoka Durban kando ya bahari, kupanda mpaka Pietermaritzburg. Marathoni munayoiona kwenye televisheni ni kilometa 42. Kule ukimaliza kilometa 42, bado hujafika nusu ya njia.

Tulikuwa wanne, wababa watatu na mama mumoja. Mudogo wetu alikuwa na miaka 44, mukubwa 53. Hakuna aliyekuwa mutu wa michezo. Mumoja alicheza mupira huko Katuba akiwa kijana, na mpaka leo anapenda kuutaja, lakini tangu pale tumbo lilikuwa limekuja. Kazi yetu munaijua, wengi wenu muliifanya: kulinda motokari za watu kwenye parking, na mama alikuwa anasuka nywele. Sasa fikirini jambo moja. Mulinzi wa parking anasimama tangu asubuhi mpaka jioni, masaa 12. Na ile mbio, sheria yake ni masaa 12. Mumoja wetu aliposikia vile alisema: "Kumbe ni siku moja tu ya kazi." Njo maneno yaliyotuingiza.

Lakini mwanzo kabisa haukuwa mbio, ulikuwa tansio. Muganga alimwambia muzee mumoja kati yetu kwamba tansio yake iko juu, apunguze chumvi, atembee kila siku. Akaanza kutembea alfajiri kando ya bahari. Aliogopa kuwa peke yake kule, kwa hiyo akatafuta wa kumusindikiza. Tukatembea miezi. Kisha tukaanza kukimbia kidogo kati ya taa moja na taa nyingine ya barabarani, na kutembea mpaka taa ya tatu. Hakuna aliyesema neno "Comrades". Ukisema mapema vile, watu wanakuchukua kama mutu wa kichwa kibaya.

Turudi nyuma kidogo kwa historia, sababu watoto wengi hawaijui, na inatugusa kuliko tulivyofikiri. Mutu aliyeanzisha mbio hii ni Vic Clapham, askari wa vita ya kwanza ya dunia. Alipigana Afrika ya Mashariki, katika ile inchi ambayo leo ni Tanzania, na kule walitembea kwa miguu kilometa zaidi ya 2,000 wakifuata majeshi ya Wadachi. Ni vita ile ile ambayo askari wa Force Publique kutoka Kongo waliingia Tabora mwaka 1916, na nyuma yao watu wetu wamebeba mizigo kichwani. Clapham aliporudi alitaka kukumbuka wenzake waliokufa, si kwa jiwe, lakini kwa taabu ya miguu. Mbio ya kwanza ilikimbiwa tarehe 24 mwezi wa tano 1921. Walianza watu 34, wakamaliza 16.

Watu weusi hawakuruhusiwa. Wanawake pia hapana. Mwaka 1935 mutu mweusi, Robert Mtshali, alikimbia bila kuandikishwa na akamaliza, lakini kitabu cha mbio hakikumuhesabu. Ni mwaka 1975 tu ndipo mulango ulifunguliwa kwa wote, na mwaka 1989 Sam Tshabalala akawa mutu mweusi wa kwanza kushinda. Tunasema haya sababu siku ile tulipokuwa tumesimama gizani mbele ya jengo la muji wa Durban, katikati ya maelfu na maelfu ya watu, tulikuwa wageni katika inchi ya wenyewe, na tulijua kwamba hata wenyewe wengi wao waliwahi kuwa wageni katika mbio hii.

Mwaka ule, ili wakukubali kukimbia, ilikuwa lazima kwanza umalize marathoni moja ya kilometa 42 chini ya saa 4 na dakika 50. Hapa njo watu wengi wa umri wetu wanabakia. Tuliijaribu, wawili wakapita mara ya kwanza, wawili mara ya pili. Mwili wa miaka 50 hauogopi njia ndefu sana, unaogopa haraka. Kijana akikimbia mbio leo, kesho amesahau. Siye tulikuwa tunalipa siku tatu. Kwa hiyo hatukufanya mazoezi mengi kuliko wengine, tulifanya kidogo kidogo bila kuacha: mara nne kwa juma, na siku ya yenga njia ndefu, masaa matatu, ine, kisha tano. Njia ndefu zile, zaidi ya nusu tulikuwa tunajifunza kutembea. Ndiyo, kutembea. Mutu mwenye umri asiyejua kutembea haraka juu ya mulima hatafika Pietermaritzburg, hata akiwa na mapafu ya ngombe.

Mwezi wa tatu wa mwaka ule, wageni walishambuliwa tena Durban. Wengi wenu mulikuwa kule, hatuna haja ya kueleza. Kwa majuma kadhaa hatukukimbia gizani. Mutu mweusi anayekimbia alfajiri, mwenye lugha nyingine mudomoni, anaweza kuulizwa maswali ambayo hayana jibu zuri. Tulikimbia muchana, jua kali, ndani ya uwanja mumoja mudogo, kuzunguka na kuzunguka kama punda wa kusaga. Mama yetu alihesabu mizunguko kwa kuhamisha maharagwe kutoka mufuko mumoja kuingia mufuko wa pili.

Sasa siku yenyewe. Mbio ilianza saa kumi na moja na nusu ya alfajiri. Kabla ya bunduki wanaimba Shosholoza, maelfu ya watu pamoja, na hata ukiwa na moyo mugumu unatetemeka. Kifuani umebeba namba, na kwenye namba wameandika jina lako na hesabu ya mara ulizomaliza. Yetu ilisema sifuri. Tangu kilometa za kwanza watu walio kando ya barabara wanasoma jina na kukuita. Wazee wamekaa na viti vyao na moto wa nyama, watoto wako na machungwa yaliyokatwa. Wanakuita kwa jina lako la ubatizo kama wanakujua tangu zamani. Mumoja wetu alikuwa amekaa miaka kumi na moja katika muji ule na watu wa barabarani walikuwa wanamuita kwa tusi la wageni, munalijua. Siku ile alisikia jina lake labda mara mia tano. Alituambia baadaye kwamba kilometa yake ngumu kuliko zote ilikuwa ya kumi na mbili, si kwa sababu ya muguu. Alikuwa analia na hakuweza kupumua vizuri.

Milima mikubwa iko tano: Cowies Hill, Field's Hill, Botha's Hill, Inchanga na Polly Shortts. Hatutawachosha na kila mumoja. Ile miwili ya kwanza inakuja wakati uko na nguvu, na hatari yake ni hiyo, unaikimbia. Siye tuliitembea. Watu walitupita wakitutazama kwa huruma. Karibu na Drummond kuko shimo lililochongwa katika ukingo wa barabara, wanaliita kiti cha Arthur, kwa kumukumbuka Arthur Newton aliyeshinda mara tano zamani. Desturi ni kumusalimia na kumuwekea ua ili nusu ya pili iwe nyepesi. Mama alimusalimia kwa Kiswahili. Mumoja wetu, mulokole, alikataa kabisa. Mutahukumu wenyewe, sababu mulokole alimaliza.

Mushindi, Edward Mothibi, alifika baada ya saa 5 na dakika 31. Gerda Steyn akafika chini ya saa 6, mwanamuke wa kwanza kufanya vile katika njia ya kupanda. Wakati ule siye ndiyo kwanza tulikuwa tunakaribia Drummond, nusu ya njia. Wao walikuwa wamekwisha kuoga.

Hapa tunapenda kukawia kidogo, sababu maswali mengi yanakuja juu ya hii sehemu.

Katika Comrades kuko kitu wanachoita basi. Si motokari. Ni kundi la watu wanaokimbia nyuma ya mutu mumoja mwenye uzoefu, shofere, ambaye ameahidi kufika kwa saa fulani. Anabeba kibendera au bango mugongoni. Yeye njo anahesabu: sasa tunakimbia, sasa tunatembea, sasa maji, musimame hapana. Anaimba, basi lote linaitikia. Watu mia, hata zaidi, wengine hawajaonana siku moja. Ukiwa ndani hauchagui kitu, unafuata tu miguu iliyo mbele. Mutu wa umri wetu, ambaye nyumbani njo anachagua kila kitu, minerval, kodi, dawa, anapumzika humo ajabu.

Lakini basi halingojei mutu. Shofere akisimama kwa ajili ya mumoja, anawakosesha mia. Siye pia tulikuwa tumepatana vile vile miezi kabla, mezani, tukila bukari: mutu akichoka hatumungojei. Mama njo aliyelileta lile neno, na alilirudia mara tatu ili kila mumoja aitike kwa mudomo wake.

Baada ya Drummond kuko Inchanga, mulima murefu wenye kona. Juu yake, muguu wa mama ulikaza. Tuliona amebaki hatua mbili, kisha kumi. Mumoja wetu alirudi nyuma kumushika mukono. Alimusukuma. Tunayasema maneno yake kama alivyoyasema: "Mwende. Mukiningojea, siye bote tutakosa. Tulipatana nini?" Tukaenda. Baadaye kidogo, nje ya shule ya Ethembeni, watoto walemavu na wasioona walikuwa wamepanga mustari na kunyoosha mikono ili wakimbiaji waiguse. Tuliigusa yote. Hatukusemezana mpaka Cato Ridge.

Mama aliendelea peke yake, akitembea, kilometa zaidi ya kumi. Njiani kuko sehemu za kukata muda: usipopita kabla ya saa iliyoandikwa, wanafunga barabara na mbio yako imekwisha. Yeye walimufungia karibu na Camperdown. Wakamupandisha ndani ya basi la kweli, lenye magurudumu, linalookota waliobaki, wakamupa blanketi na chai.

Wengine kati yenu, na marafiki wawili wa mbali waliotuandikia, waliuliza namna gani watu wa musaada wa pamoja wanaweza kumuacha mwenzao barabarani. Ni swali zuri, hasa kwetu sisi ambao tumewahi kukimbia kwa kufukuzwa. Wakati ule, njia ya vita, mutu hakuachwa kama kulikuwa na namna. Aliyemubeba mugonjwa alimubeba. Lakini siku ya Durban hakuna aliyekuwa anatufukuza. Tulikuwa tumechagua. Na mama alikuwa na haki ya kukimbia mbio yake mpaka mwisho wake, bila watu watatu kumufanya sababu ya wao kushindwa. Hakutaka kubeba hiyo. Mpaka leo mutu akimwambia "walikuacha", anajibu kwamba yeye njo aliwaacha waende.

Tunajua pia kwamba leo mezani kuko pendekezo la kanuni ya michango, kwamba mwanachama akikawia miezi mitatu apoteze haki ya musaada wa matanga. Tulilombwa tusiingize mbio ndani ya pendekezo. Tunaingiza kidogo. Kule, saa ya kukata iliandikwa wazi tangu siku ya kujiandikisha, na ilikuwa moja kwa tajiri na kwa mulinzi wa parking. Hiyo tunaipenda, na chama bila saa kitakufa, tumeona likelemba ngapi zikifa? Lakini nyuma ya saa ile kulikuwa na basi la kuokota, na blanketi. Hatujaona basi la kuokota katika pendekezo jinsi limeandikwa leo. Komite itutazame vibaya kama inataka, tumekwisha kusema.

Turudi barabarani. Baada ya Camperdown unapanda tena mpaka Umlaas Road, fasi ya juu kuliko zote, zaidi ya mita 800, na upepo wa baridi. Kwetu Lubumbashi tuko juu zaidi ya pale, lakini mwili ulikuwa umezoea bahari. Tangu kilometa ya 60 chakula kilikataa kuingia. Ndizi hapana, viazi hapana. Coca tu, na viazi vidogo vya kuchemsha vyenye chumvi ukivilamba bila kumeza. Maji wanatoa katika vifuko vidogo vya plastiki, unauma kona na kunyonya. Barabara yote imejaa vifuko, vinateleza na kupasuka chini ya viatu.

Polly Shortts ni mulima wa mwisho. Hauna urefu wa Inchanga lakini unakuja karibu kilometa ya 78, jua likishuka. Pale hata basi liliacha kuimba. Shofere alihesabu nguzo za umeme kwa sauti ya chini: mbili kutembea, moja kukimbia. Mumoja wetu alilala akitembea, tunasema kweli, macho yalifungwa na miguu iliendelea. Tulimushika shati.

Katika uwanja wa farasi wa Scottsville, kwenye mustari wa mwisho, kuko mutu anayesimama na bunduki, amewapa wakimbiaji mugongo. Anawapa mugongo makusudi, asimuone anayekuja na kumuhurumia. Mwaka ule ilikuwa saa kumi na moja na nusu ya jioni: dakika ile ile anapiga, na mulango unafungwa. Aliyekuwa bado hatua mbili nyuma amekimbia siku nzima, na hatapata medali wala jina kitabuni.

Siye tuliingia tukiwa tumebakiza dakika saba. Medali wanayopewa wanaofika kati ya saa 11 na saa 12 ina jina la Vic Clapham. Ni ndogo kama kifuniko cha chupa, tunawaambia mapema ili musishangae mukiiona. Mama alikuwa amesimama kwenye waya, na blanketi yake. Alifika kabla yetu, kwa basi, na alitukumbusha hilo kwa sauti mbele ya watu. Kisha tuliangalia bunduki pamoja. Mwanaume mumoja mwenye mvi alikuwa bado kama mita thelathini. Aliposikia mulio hakusimama. Alitembea mpaka mustarini na kuugusa kwa mukono.

Mwaka 2020 na 2021 mbio haikufanyika, kwa sababu ya korona. Kazi za parking zilikufa, watu wengi wakaamua kurudi, siye pia. Tulipita Kasumbalesa na mizigo, na mumoja wetu alipoona kibao cha kilometa za Lubumbashi alisema: "Hii njia naijua urefu wake."

Sasa tuko na kundi hapa. Siku ya posho, saa kumi na moja ya asubuhi, tunaanzia upande wa barabara ya Kipushi. Wengi wanatembea. Watu walituuliza mwanzoni kama tulikosa kazi ya kufanya, sasa wanatusalimia. Tunawalomba mambo machache, hasa wenye miaka 40 na kupita. Pima tansio na sukari kwanza, kabla ya viatu. Mwenye maumivu ya kifua asije mpaka muganga aseme. Usimeze vidonge vya maumivu ili ukimbie, vinaweza kuharibu figo wakati mwili umekauka. Na usinywe maji kwa kujilazimisha: maji mengi kupita kiasi bila chumvi yanaweza kumuangusha mutu, hata kumuua, tulielezwa hilo sana kule. Kunywa ukisikia kiu. Vazelini katikati ya mapaja, wababa pia, bila haya.

Kwa marafiki wafadhili: hatuombi pesa za kwenda Durban. Tunaomba kifaa kimoja cha kupima tansio chenye kubakia ofisini mwa chama, sababu kile tunachotumia ni cha kuazima na kinarudishwa kila siku ya yenga. Viatu vya mutumba tunavipata wenyewe.

Wa kubeba maji kwa kinga siku ya posho ijayo bado hajapatikana. Medali iko pale juu ya meza pamoja na namba ya mama, mutoto yeyote anaweza kuishika. Maswali ya milima tutajibu siye. Ya miguu na ya malengelenge, mama njo atajibu, amekaa musitari wa pili.